Honda CG125 ya marehemu baba imeliwa na kutu: nianze na lipi?

Binti wa Bwana Shamba

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari za leo. Ninaishi Raskazoni, Tanga, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na katika banda la uani imo pikipiki yake, Honda CG125, zile za awali zenye umeme wa volti 6. Alikuwa bwana shamba, na kwa pikipiki hiyo alizunguka miaka mingi kati ya Muheza, Pangani na vijiji vilivyo katikati. Tangu alipoacha kuiendesha, sasa ni zaidi ya miaka kumi na mitano, haijaguswa na mtu. Kuku ndio waliokuwa wakitagia juu ya kiti. Banda lenyewe halina ukuta upande unaotazama bahari.

Hali yake ni hii. Tanki lina kutu nje na ndani, na nikilitikisa nasikia magamba yakicheza. Fremu imekuwa ya kahawia karibu kila mahali, na chini ya kiti, ambako mavi ya kuku yalirundikana, rangi inabanduka kwa mapande. Rimu zimekuwa nyekundu na spoku tatu zimekatika zenyewe bila kuguswa. Eksozi ina tundu linaloingia kidole. Nikikanyaga kiki haishuki hata kidogo. Kitu kimoja tu kilichonipa moyo ni kwamba boksi linaloifunika cheni bado ni zima, na nilipochungulia ndani nikakuta cheni ina grisi mpaka leo.

Mimi ni mwalimu, si fundi, na vifaa nilivyonavyo ni spana za kawaida, bisibisi mbili na chaja ya zamani ya betri ya gari. Fundi mmoja wa mtaani alitaka nimpe fedha ya msasa na rangi ili aisugue na kuipulizia kwa siku mbili, akaapa kwamba itang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Mwingine aliniambia tanki nilijaze maji ya betri, lilale nayo usiku kucha. Sikuridhika na yeyote kati yao, ingawa sikuwa na hoja ya kuwajibu. Sikusudii kuiuza wala kuitia kwenye biashara ya bodaboda. Nataka iwake, iende Bandarini polepole siku ya Jumapili na kurudi, na nikiitazama nimwone baba. Nianze na lipi, na ni kazi zipi ninazoweza kuzifanya mwenyewe hapa nyumbani?

Fundi Mstaafu wa Pongwe

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Umefanya vyema kutoridhika, maana kila mmoja wa mafundi hao angekuharibia kitu ambacho baadaye hakirudi.

Kwa pikipiki iliyolala Raskazoni miaka yote hiyo, adui mkubwa si kutu unayoiona bali ni chumvi usiyoiona. Chuma hushika kutu popote kinapokutana na maji na hewa, hata kule Lushoto milimani. Lakini upepo wa bahari hukiletea chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambazo hapajanyesha tone, na huyafanya maji hayo machache yapitishe kwa wepesi ule umeme mdogo unaokila chuma. Mbaya zaidi, hujificha chini ya magamba, ndani ya vishimo ambavyo msasa haufiki. Ukipaka rangi juu yake, utakuwa umefunga mlango huku mwizi yumo ndani: baada ya masika moja utaona malengelenge, ukiyatumbua unakuta maji ya kahawia. Mavi ya kuku nayo yana chumvi zake, kwa hiyo pale chini ya kiti pahesabu kuwa pagonjwa kuliko pengine pote.

Kwa sababu hiyo kazi yako ya kwanza ni kuosha, wala si kusugua. Fungua kiti, tanki, madigadi na taa, ukipiga picha kabla ya kila nati unayoilegeza, na nati za kila sehemu uzitie katika kopo lake lenye maandishi, kwa sababu kichwa cha binadamu hudanganya sana siku ya kurudishia. Ziba tundu la kabureta na la eksozi kwa matambara yaliyobanwa vizuri. Osha kwa maji ya bomba yenye sabuni, ukitumia brashi ya nailoni, kisha suuza kwa maji moto kadiri mkono unavyovumilia. Maji ya bomba ya mjini Tanga hutoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na hayo yanafaa. Lakini visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na anayeosha kwa maji hayo hajaosha. Rudia kazi hiyo siku tatu mfululizo.

Baada ya hapo fanya jaribio. Chagua sehemu ndogo ya fremu, yenye ukubwa wa kiganja, uisugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, ikaushe, kisha uiache wazi usiku mmoja bila kuipaka chochote. Ukikuta asubuhi imetoka vidoadoa vyenye unyevunyevu vya rangi ya chungwa, chumvi bado imo, rudi kwenye ndoo. Ukikuta utandu mwembamba tu ulioenea sawasawa, hiyo ni hewa ya Tanga na si chumvi iliyojificha, unaweza kuendelea. Jihadhari na jambo moja kabla hujashika brashi ya waya: tafuta namba ya fremu iliyogongwa shingoni, karibu na usukani, na namba ya injini kwenye mwili wake, uziandike, uzipige picha, na usizisugue kwa kitu chochote kikali.

Sasa injini. Usiikanyage kiki tena, kwa maana pistoni iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa huvunja ringi au huchana silinda. Kwanza hakikisha kwamba kilichokwama ni pistoni: weka gia ya juu kabisa, kisha usukume pikipiki kwa upole mbele na nyuma. Gurudumu la nyuma likikataa wakati liko kwenye gia na likakubali ukitoa gia, basi ni pistoni. Toa plagi, mimina katika tundu lake vijiko vitatu vya chakula vya oili ya gia otomatiki iliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu. Ukikosa asetoni tumia dizeli, ingawa hupenya polepole zaidi. Mchanganyiko huo hushika moto haraka, kwa hiyo usiuweke karibu na jiko. Ongeza kidogo kila jioni kwa muda wa siku saba. Halafu bembeleza kwa lile gurudumu la nyuma, mbele kidogo na nyuma kidogo, kwa nguvu ya mikono tu. Likijongea hata upana wa ukucha, umeshinda. Ongeza oili, pumzika, bembeleza tena kesho.

Lisipojongea kwa wiki mbili, itabidi kichwa cha injini kifunguliwe, na hapo pikipiki yako ina heri. CG125 ilipotoka mwaka 1976 ilikusudiwa nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa mizigo isiyo ya ukubwa wake na oili hubadilishwa kwa nadra, kwa hiyo Honda hawakuitilia ile cheni ya ndani inayozungusha kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, kule juu, bali waliiwekea fito mbili za kusukuma vali. Hata lile boksi la cheni lililokupa moyo ni sehemu ya fikra hiyo hiyo. Kichwa chake anaweza kukifungua hata mwanafunzi mwangalifu. Ukifika kwenye silinda, ipeleke karakana wapime kwa kipimo halisi na si kwa jicho: kipenyo chake cha asili ni milimita 56.5, na ikiwa kutu imechimba, huchongwa na kuwekewa pistoni iliyozidi kwa robo au nusu milimita.

Neno moja kuhusu breki, nalo ni la afya yako. Viatu vya breki vya zama zile huenda vina asbesto. Ukifungua magurudumu usipulize vumbi lile kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa cha kutupa, na uvae barakoa. Kisha chunguza kama bitana ya kiatu haijaachana na chuma chake, kwa maana kutu huingia katikati ya hivyo viwili na kuvitenganisha, na siku hiyo ikibanduka ukiwa mwendoni gurudumu hufunga ghafla.

Kijana wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Dada, pole kwa msiba hata kama ni wa zamani.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza bodaboda hapa Ngamiani, na kuhusu kuosha chumvi sina la kuongeza. Ninatofautiana na mzee mahali pawili. Kwanza, usiipe injini hiyo wiki mbili za kubembelezwa ikiwa unaweza kuifungua leo. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika mji huu zina injini zilizoigwa kutoka kwenye CG hiyo hiyo, zenye fito zile zile, kwa hiyo silinda, pistoni, ringi na gasketi zinazoelekea kufanana na za kwako zimejaa madukani na bei yake haiumizi. Silinda iliyoliwa na kutu nisingeichonga; ningeitoa na kuweka nyingine.

Hata hivyo usinunue kwa jina, nunua kwa kulinganisha. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, kiweke juu ya kipya, tazama matundu ya bolti, kipenyo cha pini ya pistoni na urefu wa silinda, kwa sababu zipo za ukubwa wa 125 na zipo za 150 na muuzaji atakuambia zote ni sawa. Kwa upande wa umeme usithubutu kuchanganya. Ya baba yako ni volti 6 na huwashwa kwa pointi, yaani vile vibati viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche, ilhali za siku hizi ni volti 12. Ukiunga betri ya volti 12 kwenye nyaya zile bila kubadilisha mfumo mzima wa kuchaji, balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Pointi zisafishe kwa msasa laini kabisa, uache nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 zinapofunguka, na plagi ununue NGK D8EA, yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7.

Pili, mimi ni wa kupaka rangi yote upya: tanki, madigadi, fremu. Chuma cha pwani kilichoachwa na rangi ya zamani yenye nyufa kinaendelea kuliwa, na huo ndio ukweli.

Mwana wa Deep Sea

Nimefanya kazi ya injini za boti miaka mingi pale Deep Sea, na kutu ya chumvi ndiyo iliyonilisha, kwa hiyo dada yangu niachie tanki.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Yataondoa kutu, ni kweli, lakini hayajui kutofautisha kutu na chuma kizima, na tanki lenye bati jembamba lililokwisha kuchimbwa utalikuta asubuhi linavuja kama chujio la tui. Tone moja likiruka jichoni, hadithi ya pikipiki imekwisha na imeanza ya hospitali. Tumia asidi dhaifu, nayo ni unga mweupe wa ndimu, yaani asidi ya sitriki, au ukiukosa, siki ya kawaida.

Fanya kazi hiyo nje, penye upepo. Mwaga petroli yoyote iliyobaki, fungua koki ya mafuta na kuziba tundu lake kwa kizibo cha mpira, kisha osha ndani kwa maji moto na sabuni ya vyombo mpaka harufu ya petroli iishe. Tia nati na bolti ndogo, kama konzi moja, ufunge mfuniko na kulitikisa tanki kila upande ili zikwangue magamba. Lakini zihesabu unapozitia na uzihesabu unapozitoa, kwa sababu mimi niliwahi kuacha moja na iliimba mle ndani mwaka mzima. Baada ya hapo changanya gramu 50 za unga wa ndimu kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, ujaze tanki mpaka juu kabisa. Usijaze nusu, kwa kuwa pale maji yanapokutana na hewa ndipo kutu mpya hujichora mstari. Mfuniko uache umelegea, kwa sababu asidi ikila chuma hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo haifai kubanwa wala kusogezewa sigara. Iache kwa muda wa saa kumi na mbili, chungulia kwa tochi, na ikihitaji iongezee nyingine kumi na mbili. Maji hayo yasimwagikie rangi ya nje ukawa unayatazama tu. Yafute papo hapo.

Hatari kubwa inakuja baada ya kumwaga. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi, na kwa unyevu wa hapa kwetu hushika kutu mpya ndani ya dakika chache. Suuza kwa maji yenye magadi ya keki, vijiko viwili vya chakula kwa lita, ili kuua asidi iliyobaki, kisha kwa maji moto, kisha kausha upesi kwa mashine ya kukaushia nywele au kwa jua la saa sita lenye upepo. Likikauka tu, mimina petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya injini, ulizungushe ili kila pembe ipate utandu wa mafuta. Ukigundua tundu, usikubali mtu alichomelee hapo uani kwako. Tanki tupu lililokuwa na petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka.

Ile chaja yako ya zamani ni mali. Vipande vidogo vya chuma, kama stendi, kiki, vishikio vya kukanyagia na bolti, vitumbukize kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Tumia magadi meupe yaliyosafishwa na si yale mawe ya kijivu, ambayo mara nyingi huja na chumvi ya kawaida ndani yake, nasi tumeshachoka na chumvi. Kipande chenye kutu unganisha na waya hasi, na kipande cha nondo au bati la chuma kisichohitajika unganisha na waya chanya, visigusane. Baada ya saa chache kutu hulainika na kuwa tope jeusi linaloondoka kwa brashi. Usitumie stenlesi upande wa chanya, kwa maana hutoa sumu ndani ya maji, na usitumbukize alumini yoyote, maana magadi huila. Kwa hiyo kabureta, vifuniko vya injini na vikombe vya katikati ya magurudumu visikaribie ndoo hiyo. Hapo pia hidrojeni hutoka, basi iwe nje.

Kwa kijana wa Ngamiani: jahazi halikai baharini kwa rangi, hukaa kwa mafuta. Mabaharia hupaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa, tangu enzi, na chuma nacho ni vivyo hivyo. Ndani ya mabomba ya fremu, ambamo hakuna rangi inayofika, mimina oili na kuigeuza fremu huku na huku mpaka itoke upande wa pili. Kromu iliyobaki isugue kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula iliyolowanishwa maji, ambayo ni laini kuliko kromu na haiichubui, halafu uipake mafuta mgando. Palipobanduka hapatarudi, na hilo ulipokee.

Karani wa Zamani

Mwanangu, wamekueleza ya mikono, nami nikukumbushe ya karatasi. Umeandika kwamba nyumba "aliyotuachia", basi mko zaidi ya mmoja, na pikipiki ya marehemu ni sehemu ya mirathi hata kama imekaliwa na kuku. Kabla hujanunua silinda, kaa na ndugu zako wakubaliane kwa maandishi kwamba unaichukua wewe, ili itakapong'aa asitokee mtu kudai gurudumu moja. Itafute kadi ya usajili, ulinganishe namba zake na zile ulizozipiga picha shingoni na kwenye injini, na ukabidhi nakala kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa sababu TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hawabadilishi jina la marehemu kwa maneno matupu. Hapa ndipo ushauri wa kubadilisha vifaa vya injini unapohitaji uangalifu: silinda badilisha utakavyo, lakini ule mwili wa injini wenye namba usibadilishwe kiholela.

Binti wa Bwana Shamba

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikifanya mlichoniambia. Leo ni wiki ya tatu.

Nimeosha mara tano. Jaribio la kwanza lilitoka vidoadoa vya rangi ya chungwa kama mzee alivyosema, na la pili pia. Chini ya kiti ndiko kulikoshindikana mpaka nilipochemsha maji na kumwaga kidogo kidogo kwa saa nzima. Ndugu zangu wawili wamekubali na tumeandikiana, na kadi imepatikana ndani ya msahafu wa baba, namba zinalingana. Tanki limekaa na ndimu saa ishirini na nne na halina tundu. Nilitia nati kumi na nane, nikatoa kumi na nane.

Ila nimekwama kwenye jambo ambalo sikulitarajia. Matope yalipotoka, pande zote mbili za tanki zimeonekana sehemu mbili ambazo rangi nyekundu imesuguka mpaka chini, laini kabisa, na nilipokaa juu ya fremu nikaelewa kwamba ni magoti ya baba. Kwenye madigadi ya nyuma kuna herufi tatu za jina lake, alizoziandika mwenyewe kwa rangi nyeupe na brashi iliyomshinda. Kaka wa Ngamiani, nimekusikia, lakini siwezi kuyapaka hayo. Je, kuna njia ya kuyaacha bila kuliacha tanki liliwe?

Fundi Mstaafu wa Pongwe

Ipo, na mimi nisingeyapaka hata kwa fedha. Tofautisha sehemu mbili. Fremu, stendi na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu ni mifupa. Hizo hubeba uzito, na rangi yake ya zamani ilikuwa nyeusi tu isiyo na kumbukumbu ya mtu, kwa hiyo zisugue mpaka chuma, zipake praima yenye zinki mara mbili, halafu nyeusi ya mafuta. Tanki na madigadi ni ngozi. Hapo sugua kutu peke yake kwa msasa laini wenye maji, namba 800 au zaidi, ukiishia pale rangi nzima inapoanzia. Kausha kwa joto, kisha paka nta ya gari juu ya kila kitu, pamoja na yale magoti, na uirudie kila mwezi. Usipulizie vanishi juu ya chuma kilicho wazi, kwa sababu kutu hutambaa chini yake kama mizizi na hutaweza tena kuigusa. Nta inatoka, inarudi, na inakuruhusu kuona.

Na fremu usiipake sasa. Vuli inaingia, na rangi iliyopakwa kwenye unyevu hupauka ikawa kama imemwagiwa maziwa. Ipake mafuta, ifunike kwa turubai linalopitisha hewa, usubiri kaskazi ikaze mwezi wa Januari, upake kati ya saa nne asubuhi, umande ukishapanda, na saa nane mchana. Kabla ya kuiwasha, mwaga oili, fungua mfuniko wa kulia, usafishe chujio. Pikipiki hii haina chujio la karatasi. Ina kikombe kinachozunguka na kuurusha uchafu ukutani, na uchafu wa miaka yote hiyo utaukuta umegandamana kama udongo wa mfinyanzi. Oili mpya iwe ya pikipiki na si ya gari, kwa sababu klachi huogelea ndani yake na nyingi za magari huitelezesha.

Kijana wa Ngamiani

Dada, kwa habari ya magoti nimenyamaza. Rimu, hata hivyo, sinyamazi. Spoku zilizokatika zenyewe zinakuambia kwamba na zilizobaki zimekwisha. Toa tairi, sugua upande wa ndani, tazama yanapoingia matundu ya spoku. Kukiwa na vishimo unavyoweza kuvisikia kwa ukucha, nunua rimu mpya na seti nzima ya spoku, uhifadhi vikombe vya katikati. Zile za zamani zitundike ukutani ukipenda. Usipande juu yake. Njoo nazo Ngamiani, kuunga spoku nitakufanyia mwenyewe, nawe uangalie.

Binti wa Bwana Shamba

Nimesikia ukucha ukinasa katika matundu yote ya rimu ya nyuma, kwa hiyo Jumamosi nitakuja Ngamiani, kaka.

Mzee wa Pongwe, leo jioni, siku ya kumi na moja ya oili na asetoni, nilisukuma kama kawaida na gurudumu likaenda upana wa ukucha, likasimama, nikarudisha nyuma, likaenda vidole viwili. Sikuendelea. Nimeongeza oili, nimerudisha plagi kwa mkono, nimefunika. Mafundi wa makuti nao wamemaliza kuziba ule upande wa banda unaotazama bahari, na kuku nimewahamishia kwa jirani.